Utafiti Ukifanyika Kijijini, Majibu Yake Huenda Wapi?

Katika vijiji vingi vya nchi yetu, hasa vile vinavyofikika kwa gari, ni vigumu siku hizi kumpata mkuu wa kaya ambaye hajawahi kuketi na mgeni mwenye dodoso mkononi. Mgeni huyo hufika akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, hupewa kiti kivulini, huuliza idadi ya watoto, ya mifugo na ya ekari, huuliza kipato cha mwezi kana kwamba mkulima hulipwa mwisho wa mwezi, huandika, hushukuru na kuondoka. Wenyeji husema, "Tumeandikwa." Neno hilo lina matumaini ndani yake. Aliyeandikwa hutarajia kuitwa: huenda ni mbolea ya ruzuku, huenda ni mkopo, huenda ni mabati ya darasa. Miezi hupita, mwaka hupita, wala hakuna anayeitwa. Akija mgeni wa pili na dodoso jingine, hujibiwa kwa shingo upande, au huambiwa yale ambayo mwenyeji anadhani yataleta mradi. Hivyo hata ukweli wenyewe huanza kupotea.

Ndugu msomaji, sisi twaliona jambo hili kuwa ni la haki, wala si la adabu za wasomi peke yake. Mtu aliyetoa saa zake mbili za palizi, akafunua umaskini wake mbele ya mgeni, akataja watoto wake waliokufa na sababu za vifo vyao, ametoa mali. Mali hiyo hupelekwa mjini, hupangwa katika majedwali, humpatia mwingine shahada, cheo au safari ya mkutano ng'ambo. Hatumwonei kijicho aliyepata shahada. Twauliza tu: mwenye mali amerudishiwa nini?

Tukitaja utafiti, wengi hufikiria maabara na darubini. Lakini utafiti unaomgusa mtu wa chini kwa karibu zaidi ni ule unaochunguza jinsi ofisi zinavyoendeshwa, jinsi biashara zinavyofanyika, jinsi wazee na yatima wanavyotunzwa, na jinsi maarifa yanavyohifadhiwa na kusambazwa. Nchi yetu ilijijengea vyuo vya kazi hiyo mapema. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Chuo cha uongozi cha Mzumbe kiliundwa mwaka 1972, kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo cha Ustawi wa Jamii kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Bagamoyo ipo shule ya wakutubi na watunza nyaraka. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo hivi na vya vyuo vikuu vingine hutumwa kukusanya habari masokoni, zahanati, ofisi za kata na majumbani mwa watu. Kazi zao huandikwa kwa Kiingereza, hujalidiwa vizuri, husahihishwa na watu wawili au watatu, kisha huwekwa rafuni. Zile chache zinazobahatika huchapishwa katika majarida ya kimataifa, ambako makala moja yaweza kuuzwa kwa dola 30 au zaidi. Mama muuza nyanya ambaye hesabu zake za faida na hasara ndizo kiini cha makala hayo, hata angejua Kiingereza, angelazimika kuuza tenga kadhaa ili asome habari zake mwenyewe.

Biashara ndogo yatupatia mfano ulio wazi. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kugawa nguvukazi, nayo ikatumiwa kuwakamata wakazi wa Dar es Salaam waliohesabiwa kuwa hawana kazi halali na kuwapeleka vijijini na mashambani. Muuza karanga na muuza vitumbua walihesabiwa pamoja na wazururaji. Wakati huohuo mishahara ya wafanyakazi ilikuwa imeshuka thamani kiasi kwamba haikutosha chakula cha mwezi, na familia nyingi za watumishi wa serikali ziliishi kwa biashara ya mama nyumbani. Watafiti waliliona hilo. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake Changing the Rules, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997. Serikali yenyewe ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa sekta isiyo rasmi mwaka 1991. Basi ushahidi ulikuwapo, tena wa kutosha, kwamba wale walioitwa wazururaji ndio waliokuwa wakiulisha mji.

Lakini ushahidi huo ulikuwa mikononi mwa nani? Miaka ilisonga. Mwezi Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kugawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000, nao wakaambiwa wasibughudhiwe. Kabla ya mwaka 2021 kwisha walikuwa wakihamishwa tena kutoka kandokando ya barabara katika miji mbalimbali. Hatusemi kwamba barabara hazistahili kuwa wazi. Mtembea kwa miguu naye ana haki yake. Tunachosema ni hiki: katika mabishano yale, ofisa wa mji alikuja na ramani, sheria ndogo na barua. Machinga alikuja na kilio. Zipo tasnifu nyingi zinazoeleza kwa tarakimu kwa nini soko lililojengwa mbali na kituo cha daladala hukosa wateja, na kwa nini muuza mitumba hawezi kulipia kizimba kwa mwezi ilhali faida yake huhesabiwa kwa siku. Laiti kiongozi wa chama cha wafanyabiashara wa mtaa angekuwa na kurasa nne tu za Kiswahili zenye hesabu hizo, angezungumza katika kikao kama mtu mwenye hoja, si kama mwombaji.

Hatutaki msomaji adhani kwamba hali imekuwa hivyo siku zote na mahali pote. Ipo mifano ya kujivunia, nayo yatuonyesha kuwa tunachodai hakipiti uwezo wa binadamu.

Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, ilianzisha katika wilaya za Rufiji na Morogoro mpango uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza TEHIP. Haukuwa utafiti wa dawa mpya. Ulikuwa utafiti wa uendeshaji: je, wilaya ikipewa fedha kidogo zaidi na ikajua kwa hakika ni magonjwa gani yanayoua watu wake, itapanga bajeti yake kwa namna nyingine? Wahoji walipita kaya kwa kaya wakiuliza nani amekufa, kwa dalili zipi, na kama alifikishwa zahanati. Majibu ya wafiwa yalipowekwa kando ya vitabu vya hesabu za halmashauri, jambo la kutisha lilijitokeza. Wilayani Morogoro malaria ilichangia kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kutokana na vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bajeti ilikuwa ikifuata mazoea ya mwaka uliotangulia na matakwa ya wafadhili, basi.

Lililofuata ndilo hasa tunalotaka msomaji alitazame kwa makini. Matokeo hayakusubiri kuchapishwa ng'ambo. Yaligeuzwa kuwa michoro myepesi ya nguzo, ambayo mganga mkuu wa wilaya na wenzake waliweza kuitandaza mezani siku ya kupanga bajeti na kuona kwa macho kwamba nguzo ya fedha ni fupi mahali ambapo nguzo ya vifo ni ndefu. Walisahihisha mgawanyo. Walitengeneza zahanati, nyingine kwa nguvu za wananchi wenyewe, wakawafundisha wauguzi namna bora ya kumtibu mtoto mgonjwa. Ilitarajiwa kwamba kila wilaya ingehitaji nyongeza ya dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Wilaya zile hazikutumia hata dola 1. Ripoti za mpango huo zilieleza kwamba vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Wataalamu wanaweza kubishana ni sehemu gani ya upungufu huo iliyotokana na bajeti na ipi iliyotokana na mengine, na wabishane. Ila hakuna awezaye kukana kwamba maneno ya mama aliyefiwa yalirudi wilayani kwake yakiwa uamuzi.

Kusini zaidi, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walifanya kazi nyingine ya namna hiyo kuanzia mwaka 1997. Walijua kuwa chandarua chenye dawa huzuia malaria; wasilolijua ni iwapo mwananchi wa kawaida angekinunua, kwa bei gani, na kwa muuzaji yupi. Huo ni utafiti wa biashara kama ulivyo utafiti wa tiba. Vyandarua viliuzwa kwa jina ambalo hata mtoto alilielewa, Zuia Mbu. Ilipofika mwaka 2001 walitangaza kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafuu ya asilimia 27 katika kunusurika. Kuanzia mwaka 2004 nchi nzima iliingia katika mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa hati ya kumpunguzia bei ya chandarua dukani. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 2014.

Na tukirudi nyuma zaidi, twapata fahari ambayo vijana wetu wa vyuo hawafundishwi vya kutosha. Fikra ya utafiti shirikishi, yaani utafiti ambamo wanaochunguzwa hushiriki kuamua kitu cha kuchunguza na maana ya majibu, ilipata sehemu ya malezi yake hapahapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Marja-Liisa Swantz wa Finland, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 watafiti wa Tanzania na wa Finland waliendesha mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, wakikaa na wanavijiji na wafugaji, wakijadiliana nao mikutanoni juu ya matatizo yao. Leo wageni hutuletea semina za kutufundisha ushirikishwaji, pamoja na chai na vitafunio, nasi tunaandika katika daftari kana kwamba ni neno jipya.

Zama hizo pia maarifa yalikuwa na njia ya kumfikia mtu. Huduma za Maktaba zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huo wa 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma; takwimu rasmi za mwaka 1986 zilisema waliobaki hawafiki asilimia 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu cha Kiswahili, kujadiliana na kisha kwenda kuchimba choo. Maktaba za vijijini zilifunguliwa ili waliojifunza kusoma wasisahau. Baadaye fedha zilikauka, vitabu vikachakaa, makabati yakageuka viota vya panya. Maktaba za mikoa zimebaki, na wakutubi wake twawaheshimu kwa uvumilivu wao, lakini ukiingia leo na kuuliza, "Je, mna chochote kilichoandikwa kuhusu wilaya hii?", mara nyingi utaonyeshwa rafu yenye vitabu vya shule. Yaliyoandikwa kuhusu wilaya yako yako Dar es Salaam, Mzumbe, Uppsala au London.

Watatuambia kuwa siku hizi kuna intaneti. Ni kweli, na tunaishukuru. Tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umeviwezesha vyuo na hospitali za nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo, na mwaka huohuo wasomi waliokutana Budapest walitoa tamko kwamba matokeo ya utafiti yasomwe na yeyote bila malipo. Lakini mlango wa HINARI hufunguliwa kwa taasisi, si kwa mwenyekiti wa kijiji. Na majarida mengi yaliyofungua milango kwa wasomaji yamehamishia ada kwa waandishi, mara nyingi zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja, mzigo ambao mhadhiri wetu hawezi kuubeba kwa mshahara wake. Zaidi ya hayo, mlango ukiwa wazi na lugha ikawa imefungwa, aliye nje hajaingia.

Hapa ndipo tunapogusa jipu. Bunge letu hujadili kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, baada ya miaka mingi ya mtu kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Kama hukumu ya jinai yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa nini ikisiri ya tasnifu isiweze? Hatudai kwamba kazi zote za vyuo ziachane na Kiingereza kesho asubuhi. Twadai kila tasnifu iliyokusanya habari kwa wananchi iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, uandikwe na mtafiti mwenyewe, usomeke kwa mtu aliyemaliza darasa la saba, na chuo kisitoe shahada kabla nakala zake hazijafika maktaba ya mkoa na ofisi ya kijiji au mtaa ulikofanyika utafiti. Gharama yake haizidi ile ya majalada ya ngozi bandia yenye maandishi ya dhahabu ambayo wanafunzi huagizwa kuyanunua. Mtafiti aliyeweza kutafsiri maswali yake kwenda Kiswahili ili aulize, hashindwi kutafsiri majibu ili arudishe.

Wapo pia wanaosema wananchi hawataelewa, au wataelewa vibaya na kuleta fujo. Hoja hiyo twaifahamu, nayo haitokei vyuoni peke yake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopotosha au kupingana na zile rasmi, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mwaka huohuo asasi ya Twaweza, iliyokuwa imetangaza maoni ya wananchi juu ya viongozi wao, iliandikiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia itoe maelezo kuhusu kibali. Mwaka 2019 vipengele hivyo vya adhabu viliondolewa, na ilikuwa busara kuviondoa. Kibali cha utafiti kina kazi yake njema, nayo ni kumlinda anayechunguzwa. Kikigeuzwa kufuli la kuzuia majibu yasisikike, kinamlinda mwingine.

Kusini mwa Afrika wenzetu Wasan walijifunza kwa machungu. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ilipata hataza juu ya mmea wa hoodia, ambao Wasan walikuwa wakiutafuna tangu kale ili kutuliza njaa mawindoni, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha haki za kuutengenezea dawa ya kupunguza unene zilikuwa zimeuzwa kwa makampuni ya nje bila wao kuambiwa. Walipofahamu walidai, na mwaka 2003 wakatia sahihi mkataba wa kugawana mapato. Mwaka 2017 wakaenda mbele zaidi: wakatangaza kanuni zao wenyewe za maadili kwa kila mtafiti anayetaka kuwafikia, wakidai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Angalieni, hawakungoja chuo kiwaandikie.

Nasi tusingoje. Chukueni suala la wazee. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi wa kina kuhusu uwezekano wa kuwalipa pensheni wazee wote wa Tanzania, pamoja na wale ambao hawakuwahi kuajiriwa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikia miaka 70. Upande wa Bara, miaka mingi baada ya uchunguzi ule, mpango wa namna hiyo ulikuwa haujaanza. Bibi anayelea wajukuu watano kwa kuuza kuni alihesabiwa katika tafiti za namna hiyo mara nyingi. Ni wangapi katika wanaokaa naye waliowahi kuambiwa kwamba hesabu ilishapigwa, na kwamba wapo wenzao waliolipwa?

Kwa hiyo twashauri jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Mtafiti afikapo, kabla dodoso halijafunguliwa, aulizwe mbele ya mwenyekiti: anatoka chuo gani, kibali chake ki wapi, matokeo yatarudi lini na kwa lugha gani. Majibu yake yaandikwe katika daftari la ofisi ya kijiji pamoja na anwani yake na ya msimamizi wake. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Tarehe aliyoahidi ikifika, mtendaji wa kijiji amwandikie barua yeye na chuo chake, na jina lake liwekwe katika ajenda ya mkutano unaofuata, aje kusoma alichokipata na kujibu maswali.